Fahamu: Kwa nini programu hunyimwa memori wakati RAM bado ipo

Kompyuta ina RAM ya gigabaiti 16, nusu yake haijaguswa, lakini programu inakufa ikidai memori imekwisha. Huenda kilichokwisha ni anwani.

Kerneli ya Linux haiigawii programu RAM moja kwa moja. Huipa anwani, kama viwanja kwenye ramani ya mpimaji: kupewa namba ya kiwanja si kujengewa nyumba. RAM yenyewe hutolewa pale programu inapoigusa anwani, ukurasa mmoja mmoja, kwa kawaida baiti 4,096.

Katika mashine za biti 32, anwani zote zilikuwa gigabaiti 4. Kwa kawaida programu ilipata 3, kerneli ikabaki na 1. Mashine za biti 64 kwa kawaida huipa programu terabaiti 128, kwa hiyo siku hizi anayebana ni msimamizi wa mfumo. Hutumia amri ya ulimit -v, inayohesabu kwa kilobaiti. Programu ikiomba kupita hapo, kerneli hukataa na kurudisha kosa la ENOMEM, yaani memori haitoshi. Iliyoandikwa vizuri hujipanga upya. Nyingi, kusema kweli, huanguka tu.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki huhesabu viwanja, si nyumba. Java hujitengea anwani nyingi ambazo huenda isiziguse kamwe, nayo huadhibiwa bure. Tena kila mchakato una hesabu yake: ukizaa mingine kumi, kila mmoja hurithi kikomo kilekile na kuanza kujihesabia. Anayetaka kubana RAM inayotumika kweli, kwa kundi zima la michakato, atumie cgroups, zana ya kerneli ya kazi hiyo.