Utambi, Koili na Mapafu: Kinachotokea Ndani ya Sigara ya Kielektroniki

Yeyote aliyelelewa katika vijiji vya Iramba au Mkalama kabla ya nguzo za umeme kufika anaijua tabia ya koroboi. Utambi ukivutwa juu kupita kiasi, taa hutoa moshi mzito na kuacha masizi puani. Mafuta yakiisha, utambi wenyewe huanza kuungua na chumba hujaa harufu kali. Kanuni zinazofanana na hizo hutawala pia sigara ya kielektroniki, isipokuwa kwamba kinachotoka humo huvutwa moja kwa moja hadi mapafuni.

Kifaa hicho kina sehemu nne kuu: betri, kimiminika, utambi na koili. Utambi hunyonya kimiminika na kukifikisha kwenye koili, yaani waya uliozungushwa kama springi. Betri inapopitisha umeme, koili hupata moto na kimiminika hugeuka ukungu. Sehemu inayobeba koili na utambi huitwa atomaiza. Baadhi ya atomaiza huuzwa zikiwa zimekamilika. Nyingine humtaka mtumiaji asuke koili mwenyewe, kama fundi anavyosuka upya mota ya pampu. Hizi za kusuka humpa mtumiaji uhuru wa kuchagua, na pia humpa nafasi ya kujidhuru pasipo kujua.

Chaguo la kwanza ni ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu. Betri ya lithiamu iliyojaa hutoa volti 4.2. Koili yenye ukinzani wa omu 1 itavuta ampea 4.2; ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4, ya omu 0.1 itavuta ampea 42. Betri nyingi za ukubwa wa 18650 hazikuundwa kutoa zaidi ya ampea 20 hadi 30 mfululizo. Zikilazimishwa, hupata joto kali na zinaweza kulipuka. Hatari huzidi katika vifaa visivyo na sakiti ya kukata umeme, na pale ncha ya waya isiyobanwa vizuri inapogusa chuma cha kifaa na kusababisha shoti. Nchini Marekani wapo watu waliopoteza maisha kwa milipuko ya aina hiyo.

Chaguo la pili ni madini ya waya. Waya wa Kanthal ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini. Nikromu ni nikeli na kromi. Na kuna waya wa chuma cha pua. Hizo ndizo hutumiwa zaidi, lakini hakuna hata moja isiyo na athari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliochunguza vifaa vya watumiaji 56, ulionyesha kuwa kimiminika kilichokwisha kugusa koili kilikuwa na risasi, kromi na nikeli nyingi kuliko kile kilichokuwa bado chupani. Waya wa mtaani ni mbaya zaidi. Wenye zinki, kama ule wa kufungia uzio, ukipata moto mkali hutoa mafusho yanayoleta homa na kubana kifua. Waya wa shaba wa nyaya za umeme una ukinzani mdogo mno, hivyo huleta shoti.

Chaguo la tatu ni utambi. Kimiminika kinapogeuka ukungu huondoka na joto, hivyo utambi uliolowa huipoza koili. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi joto 188 za Selsiasi, na gliserini kwenye nyuzi 290. Utambi ukikauka, joto hupanda, pamba huungua, na mabaki ya kimiminika huvunjika na kutoa fomaldihaidi, kemikali inayosababisha saratani, pamoja na akrolini inayochoma njia ya hewa. Pamba iliyokazwa sana ndani ya koili haipitishi kimiminika. Iliyolegea sana huvuja. Pamba ghafi ya shambani ina nta ya asili inayozuia unyonyaji, na sponji ya godoro au nyuzi za plastiki huyeyuka. Ladha ya kuungua kooni ni dalili kwamba kuvuta kukome papo hapo.

Jambo la nne lastahili kusisitizwa katika mkoa unaosifika kwa alizeti. Mafuta ya kupikia yasitiwe kamwe katika kifaa hiki. Mafuta yanayofaa tumboni hayafai mapafuni: huganda katika vifuko vya hewa na kuleta nimonia ya mafuta. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa maradhi ya mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi, wengi wao wakiwa wamevuta kemikali ya bangi iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Kufikia Februari 18, 2020, wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68.

Je, basi, ipo koili salama? Ipo yenye hatari pungufu. Isiyo na hatari haipo. Koili iliyosukwa kwa ustadi bado hupeleka nikotini, ambayo humfunga mtumiaji katika uraibu na kuathiri ubongo wa kijana unaoendelea kukua hadi takriban umri wa miaka 25. Kwa asiyevuta sigara, hakuna sababu ya kitabibu ya kuanza. Kwa anayevuta na anataka kuacha, hatua ya kwanza ni kuzungumza na mhudumu wa afya.

Mwisho, tahadhari kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa maeneo kama Sekenke, ambao mapafu yao tayari hubeba vumbi la mwamba. Mtumiaji huweza kudhani kuwa kikohozi chake kimetokana na koili mbovu, akabadilisha utambi wiki baada ya wiki, kumbe ana kifua kikuu. Kikohozi kilichodumu wiki mbili kinahitaji kipimo cha makohozi. Na anayepata homa, maumivu ya kifua au kukosa pumzi aende kituoni mara moja, akibeba kifaa chake na chupa ya kimiminika, wala asione haya kueleza anachovuta. Maelezo hayo humwezesha daktari kujua mahali pa kuanzia.