Mlo wa Sabato Sondu: Ununue Nini, Upike kwa Moto Gani

Soko la Sondu limekaa mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, kwenye barabara ya kwenda Kisii. Samaki hufika kutoka fuo za Nyakach kama Kusa na Sango Rota; mahindi, maharage, maziwa na nanasi hushuka kutoka upande wa Kericho. Nyumba inayoshika Sabato haikosi kitu hapa, ila inahitaji kuchagua vizuri.

Wenye haja hiyo ni wengi. Waadventista walianzisha misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hadi leo familia nyingi za ukanda huu hufuata sheria ya vyakula ya Walawi 11. Wayahudi wenyewe ni wachache: Nairobi ina sinagogi tangu 1913, na ng'ambo ya mpaka, Mbale, wako Abayudaya ambao jumuiya yao ilianza 1919 chini ya Semei Kakungulu. Lakini jiko la Kiyahudi limelijibu kwa karne nyingi swali linalomsumbua kila mama wa Sondu siku ya Ijumaa: nipike nini leo, kiliwe kesho, na pesa zitoshe?

Nyama au samaki?

Kwa kanuni za Kiyahudi, ng'ombe au mbuzi huchinjwa na mchinjaji aliyefunzwa dini, mapafu hukaguliwa, na nyama hutiwa chumvi ili damu itoke. Haipikwi pamoja na maziwa, kwa hiyo nyumba huweka seti mbili za sufuria na sahani. Nyama ya namna hiyo ikiagizwa kutoka mbali, nauli na barafu huongezeka juu ya bei.

Samaki hana masharti hayo. Awe na mapezi na magamba, basi. Ngege anafaa, mbuta anafaa, omena anafaa. Kambare hana magamba, kwa hiyo hafai kwa Myahudi wala kwa Mwadventista anayeishika sheria hiyo.

Unapolinganisha bei, usiangalie kilo peke yake. Ngege mzima akishatolewa kichwa, mifupa na matumbo, minofu inayobaki ni kama theluthi moja ya uzito wake. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayotoka viwandani, ni wa bei ya chini lakini nyama yake ni kidogo. Ununue kwa ajili ya supu. Omena mkavu huliwa mzima, na maji yake yameshaondoka juani, kwa hiyo gorogoro moja hulisha watu wengi kuliko samaki mbichi wa bei hiyo hiyo. Mwoshe mchanga vizuri, na uchambue uduvi waliochanganyika naye, maana hao wamekatazwa.

Samaki aliyekwisha kukaangwa barabarani anaokoa muda, lakini uliza mafuta yale yamekaanga nini kabla yake. Kambare akipita humo, umelipia chakula usichoweza kula. Kununua mbichi mwenye ngozi na magamba yake, ukamkaanga nyumbani, ni salama zaidi, na mafuta unayapima mwenyewe. Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno walikuwa wakikaanga samaki Ijumaa na kumla baridi Jumamosi. Wakaupeleka upishi huo Uingereza.

Maharage na moto wake

Chakula maarufu cha Sabato kwa Wayahudi ni chungu cha maharage na nafaka kinachoachwa penye joto usiku kucha. Nyoyo yetu ya mahindi na maharage ni ndugu yake wa karibu. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili yakiiva, na hakuna kinachotupwa. Gharama kubwa iko kwenye moto.

Loweka maharage Alhamisi usiku. Hatua hiyo haikugharimu kitu na hupunguza muda wa kupika. Kisha linganisha njia tatu.

Gesi: gawanya bei ya kujaza kwa kilo, 6 au 13, ndipo ujue mtungi upi una nafuu. Ni nzuri kwa kukaanga, ila maharage huimaliza haraka.

Kikapu cha joto kilichojazwa nguo kuukuu: chemsha maharage dakika 30 kamili, funika, ingiza kikapuni, yataendelea kuiva bila moto. Hii ndiyo njia ya bei ya chini kabisa. Lakini kikapu hakihifadhi joto la kutosha hadi mchana wa Jumamosi. Chakula hicho kiliwe jioni ya Ijumaa, au kichemshwe tena kama imani yako inakuruhusu.

Sahani ya umeme inayowashwa kabla ya jua kutua: yenye wati 200 kwa saa 18 hutumia yuniti 3.6. Zidisha kwa bei ya yuniti yako, uone. Jiko la makaa lisiachwe ndani ya nyumba iliyofungwa usiku. Hewa yake inaua.

Sikukuu

Wiki ya Pasaka ya Kiyahudi mkate wenye chachu hauliwi. Huliwa usiotiwa chachu: unga wa ngano ukishaguswa na maji, mkate uive ndani ya dakika 18. Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki kwa desturi huacha pia mahindi, mchele na maharage. Wa Hispania na nchi za Kiarabu wengi hula. Ndizi za kupika za Kisii, viazi vitamu na mihogo havina ubishi kwa yeyote, kwa hiyo weka bajeti ya wiki hiyo huko.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa Sabato ya kawaida, nunua maharage, mahindi na omena, upike kwa kikapu. Ngege mzima mweke kwa sikukuu na wageni. Nyama iwe ya mwisho kwenye orodha. Na uende sokoni Alhamisi: Sondu jua hutua takribani kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na anayenunua Ijumaa alasiri hana muda wa kupatana bei.