Mafuta ya Mbali, Matembezi ya Karibu

Kati ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, na makazi ya wakimbizi ya Dzaleka hapafiki kilomita 50. Gari lililo zima hutoka mjini kwa barabara kuu ya kaskazini, likapita Kanengo penye viwanda na mnada wa tumbaku, likapita Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege wa Kamuzu, kisha likaiacha njia ya Kasungu na kushika ile ya Dowa. Ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, ya aina ile ambayo mzazi aweza kuwaahidi watoto wake siku ya Jumamosi. Lakini katika miaka ya karibuni ahadi hiyo imevunjwa mara nyingi, si kwa mvua wala kwa ubovu wa njia, bali kwa kukosekana lita chache za petroli.

Ndugu msomaji, lugha yetu ina neno moja tu, mafuta, kwa kile kitiwacho katika gari, kile kitiwacho katika kikaango na kile kitiwacho katika taa. Huko Dzaleka, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku ya maelfu ya watu, neno hilo moja lina maana ya pekee. Bei ya mafuta ya gari ipandapo mjini, haichukui muda bei ya mafuta ya kupikia nayo hupanda sokoni, kwa kuwa chupa ya mafuta ya kupikia nayo husafiri kwa gari.

MJI ULIOTOKANA NA GEREZA

Dzaleka haikuanza kama mji. Wakati wa utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda palikuwa na gereza mahali hapo, walimofungwa watu waliodhaniwa kuwa wapinzani wa serikali. Hata jina lenyewe lina harufu ya gereza: katika Kichewa kitenzi kuleka maana yake ni kuacha, na wenyeji husema kuwa jina hilo ni neno la mfungwa aapaye kwamba hatarudia tena.

Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao utawala wa Banda ulikoma, mahali hapo pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Iliandaliwa kupokea watu elfu kumi na kitu hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Wako vijana wengi waliozaliwa pale pale, wasiojua nchi nyingine. Nyumba ni za matofali ya udongo, zimesongamana. Katikati yake mna maduka, mafundi cherehani, vinyozi, shule na nyumba za ibada. Wanavijiji wa Dowa huja kuuza mahindi, maharage na karanga. Atokaye Bujumbura au Bukavu akiingia katika soko hilo hajioni mgeni sana, kwa maana husalimiwa na kutajiwa bei kwa lugha aijuayo.

Hata hivyo, mji huu una jambo moja linaloutofautisha na miji mingine. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa 1951 wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi, iliweka masharti yake, miongoni mwayo yakiwa yale yahusuyo uhuru wa kwenda popote na kufanya kazi ya mshahara. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine warudi Dzaleka. Wengi walifunga maduka yao na kurudi, na nyumba zilizokuwa zimejaa zikazidi kujaa. Mkazi wa Dzaleka atakaye kutoka hana budi kuwa na kibali.

Basi matembezi ya familia katika njia hii huenda zaidi upande mmoja. Ndugu aliye mjini na mwenye gari au nauli ndiye aendaye. Aliye Dzaleka hungoja.

SIKU ZA TUMAINI

Siku ambazo wageni huonekana kwa wingi kuliko zote ni zile za Tamasha la Tumaini. Tamasha hili lilianzishwa mwaka 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, msanii kutoka Kongo ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, naye alipata kuwa mkimbizi pale pale. Jina alilolichagua ni la Kiswahili, wala halihitaji maelezo. Wanamuziki, wacheza ngoma, washairi na waigizaji wa Dzaleka hupanda jukwaani pamoja na wasanii wa Malawi na wa nchi za nje, na watazamaji hawatozwi kiingilio.

Siku hizo utaona familia za Lilongwe zikishuka na watoto, vikapu na mikeka, kama vile waendavyo Senga Bay kuogelea ziwani. Wako wanaorudi jioni, na wako wanaolala katika nyumba za wakazi, kwani waandaaji wameweka utaratibu wa wageni kupokewa majumbani. Mama wa Kikongo huwapikia wageni bugali na sombe. Mgeni hulipa, na fedha hiyo huingia moja kwa moja katika nyumba. Muuza maandazi, mchoma nyama, mpiga picha na mwenye baiskeli ya kukodi, wote hupata riziki yao siku hizo. Zaidi ya fedha, mtoto wa Lilongwe hurudi kwao akiwa amecheza na mtoto wa Dzaleka, jambo ambalo hotuba pekee haziwezi kulifanya.

Lakini yote hayo hutegemea magurudumu. Tamasha halina kiingilio, ila barabara inacho.

YATOKAKO MAFUTA

Malawi haina kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha, na tena haina pwani. Kila lita ya petroli na dizeli huingia kutoka nje kwa kupitia bandari za nchi jirani: Beira na Nacala za Msumbiji, na Dar es Salaam yetu. Katika miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipozifunga njia za Beira na Nacala, ndipo njia ya Dar es Salaam ilipopata umuhimu mkubwa, na vituo vya mizigo ya Malawi vikajengwa Dar es Salaam na Mbeya. Kutoka bandari hiyo hadi Lilongwe ni kiasi cha kilomita 1,500, kupitia Mbeya, Kasumulu, Karonga na Mzuzu. Lori la tangi huchoma mafuta mengi ili kufikisha mafuta, na gharama hiyo mwisho wake humwangukia mnunuzi.

Mzigo ulio mzito zaidi ni ule wa fedha za kigeni. Mafuta hununuliwa kwa dola, na dola za Malawi hutegemea mno tumbaku. Minada ifunguliwapo mwezi wa Aprili au karibu yake, nchi hupumua. Ikishafungwa, akiba huanza kupungua. Mwaka 2011 uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni ulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowatoa wananchi barabarani tarehe 20 Julai. Uhaba ukarudi 2022, na tena 2024 na 2025, foleni zikazunguka mitaa ya Lilongwe, na madereva wakalala ndani ya magari yao.

Bei rasmi ya petroli, iliyowekwa Novemba 2023 wakati kwacha iliposhushwa thamani, ilikuwa kwacha 2,530 kwa lita. Ilidumu hivyo hadi Oktoba 2025, ilipopandishwa kufikia karibu kwacha 3,500. Lakini bei rasmi haimsaidii mtu ikiwa kituo hakina kitu. Ingawa mamlaka ya nishati ilikataza kujaza mafuta katika madumu, madumu yalionekana vichochoroni, na bei yake ilikuwa ya mwuzaji mwenyewe.

Si kwamba Malawi imekaa bure. Tangu 1982 kiwanda cha Dwangwa, ukingoni mwa ziwa, hutengeneza ethanoli kutokana na masalio ya miwa ya sukari, nayo huchanganywa na petroli. Malawi ni miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Aidha, serikali ilijenga matangi makubwa ya akiba Lilongwe, Blantyre na Mzuzu. Tangi, hata hivyo, haliwezi kuweka akiba ya kitu ambacho hakijanunuliwa.

NAULI NA KIBALI

Uhaba ukiingia, mkazi wa Lilongwe hupata taabu, lakini soko li karibu na miguu anayo. Kwa mkazi wa Dzaleka mambo ni mengine. Nauli ya basi dogo hupanda pasipo tangazo. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya kupikia huchelewa, na vifikapo bei imeongezeka, ilhali msaada aupatao hauongezeki. Mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa ya mjini hutafuta nauli siku mbili tatu. Na kwa kuwa kibali cha kutoka huwa na siku zake, yuko awezaye kukipata, akakiweka mfukoni, na siku zikaisha kabla hajapata gari. Serikali imemruhusu, kituo cha mafuta hakikumruhusu.

Hapo ndipo penye fundisho la jambo hili. Tumezoea kuyapima mafuta kwa viwanda na kwa mapato ya serikali. Ni sawa kuyapima hivyo, ila hapana budi kuyapima pia kwa shangazi aliyeshindwa kumtembelea mpwa wake, na kwa watoto waliovaa nguo za Jumapili asubuhi wakazivua mchana. Mahali ambapo sheria imefupisha njia ya watu, upungufu wa lita kumi huifupisha tena.

Mkazi wa Mbeya au Tukuyu aonaye lori la tangi likiteremka kuelekea Kasumulu, asidhani kuwa ni mzigo wa matajiri tu upitao. Humo ndani imo nauli ya mgonjwa, imo chupa ya mafuta ya kikaango, na imo safari ya Jumamosi ya watoto wasemao Kiswahili kama wake, wanaosimama kando ya njia ya Dowa wakitazama vumbi la gari linalokuja.