Risasi ya Nyati na Mkoba wa Mwindaji

Dume la nyati aliyekomaa hufikia kilo 600 hadi 800, na uzito mwingi umelala mbele: shingo nene, mabega mapana, mbavu bapa zilizobanana. Juu ya mbavu kuna ngozi ngumu, na juu ya ngozi mara nyingi kuna tope lililokauka. Moyo uko chini kabisa ya kifua, katikati ya miguu ya mbele. Mapafu yameuzunguka na kupanda kidogo nyuma ya bega. Ile nundu inayomfanya aonekane mrefu haina cha kumwangusha, kwani ni mifupa mirefu ya uti wa mgongo iliyofunikwa na misuli. Risasi ikipita juu pale, nyati huyumba, hujikusanya na kukimbilia kichakani akiwa na nguvu zake zote.

Nimeanza na mwili wa mnyama kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanaojiandaa kuwinda huanza na bunduki. Huuliza kipenyo cha mtutu, hubishana kuhusu majina makubwa ya London na Marekani, kisha dakika ya mwisho hununua pakiti yoyote ya risasi inayoingia kwenye bunduki waliyoichagua. Ningependa wafanye kinyume. Swali la kwanza ni hili: hiki kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, kitavunja nini njiani na kinatakiwa kifike kina gani? Ukishalijibu, bunduki hujichagua karibu yenyewe.

Sheria imeshaweka sakafu. Nchini Tanzania kima cha chini kwa nyati, simba na tembo ni mtutu wa .375, kipimo cha inchi. Risasi ya .375 Holland & Holland ilizaliwa mwaka 1912 na bado iko kazini. Kichwa chake cha kawaida kwa nyati kina greni 300, takriban gramu 19.4, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. .416 Rigby, iliyotangulia mwaka mmoja, hurusha greni 400 kwa mita 720 kwa sekunde. .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 hurusha greni 500 kwa mita 640. Ukipiga hesabu, ya kwanza inabeba jouli 5,700 hivi, na hizo mbili zinapita 6,600. Kwenye karatasi pengo ni kubwa. Ndani ya nyati, pengo hilo ni dogo mno likilinganishwa na tofauti kati ya kichwa kinachobaki kizima na kile kinachosambaratika begani.

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa Kanada akiwinda wanyama wakubwa wa kaskazini wanaoitwa moose. Alimpiga dume mmoja aliyejaa tope kavu, na vichwa vyake vya risasi vikavunjikavunjika kabla ya kufika panapotakiwa, ingawa bunduki ilikuwa na nguvu ya kutosha. Kichwa laini cha wakati ule kilikuwa kiini cha madini ya risasi ndani ya gamba jembamba la shaba. Kwa mwendo mkali na mfupa wa karibu, gamba lilipasuka na kiini kikamwagika. Nosler alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ifunguke na nusu ya nyuma iendelee na safari. Alianza kukiuza mwaka 1948. Baadaye vikaja vichwa ambavyo gamba limegandishwa na kiini, na mwaka 1989 kampuni ya Barnes ikaleta kichwa cha shaba tupu, kinachofunguka mbele kama uyoga na kubaki na karibu uzito wake wote.

Ukiona mtu amebeba .375 yenye kichwa cha namna hii, na mwingine amebeba .458 yenye kichwa laini cha kizamani kilichokusudiwa wanyama wepesi, mwenye silaha ya nyati ni yule wa kwanza.

Kuna aina nyingine, kichwa kigumu kisichofunguka kabisa, cha shaba nyeupe au cha gamba la chuma. Hiki ndicho cha tembo, kwa sababu fuvu la tembo linataka kina tu. Umbo la pua yake lina uzito kuliko watu wanavyofikiri: pua bapa hushika njia iliyonyooka mwilini, na pua ya mviringo huelekea kupinduka na kupotea upande. Kwa nyati kigumu kina faida na hatari. Nyati aliyekwisha kujeruhiwa anapokimbia akikupa mgongo, ni kigumu peke yake kitakachotembea kutoka nyonga mpaka kifuani. Lakini kwa nyati aliye katikati ya kundi, kigumu kikimpiga ubavuni kinaweza kutokea upande wa pili na kumpata jike aliyesimama nyuma yake. Hapo una nyati wawili waliojeruhiwa na leseni ya mmoja. Ndiyo maana mpangilio wa zamani wa wawindaji bingwa wengi ni ule ule hadi leo: risasi ya kwanza kichwa kinachofunguka, zinazofuata vigumu. Vichwa vya shaba tupu vimewafanya wengine waweke aina moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hoja yao ina nguvu, kwani vinazama sana. Mimi bado naona kigumu kina nafasi yake kwenye mkanda.

Hapa kila mara jina la Bell hutajwa. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa safari zake za Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo leo haifikii kima cha sheria. Wanaomtaja kutetea mitutu midogo husahau mambo mawili. Bell alitumia vichwa vigumu virefu vilivyopenya sana. Na alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi kwa kila upande anaotazamwa. Alijua mwili wa mnyama kwanza. Mgeni wa siku kumi hana elimu hiyo, na sheria imemwekea kipimo kinacholingana na hali yake.

Kwa upande mwingine, mtutu mkubwa usiouweza ni mzigo. Bunduki ya .458 au .470 hupiga teke bega kwa nguvu, na mtu aliyepigwa mara chache huanza kufumba macho kabla hata hajafyatua, bila yeye kujua. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ningesema .375, bila kusita, na mazoezi akiwa amesimama, mtutu umelazwa kwenye tegemeo la miti mitatu. Mazoezi ya kuketi mezani yanaipima bunduki. Mpigaji anapimwa akiwa wima, pumzi zikiwa juu, akipewa sekunde chache. Nyati wengi hupigwa kati ya mita 30 na 80, na tatizo la mtu kwa umbali huo halitokani na darubini kukosa nguvu. Darubini ya mara 1 hadi 4, inayotoka kwa mkono bila bisibisi, inatosha, mradi shabaha za chuma zilizo chini yake nazo zimerekebishwa.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni joto. Waingereza walipoanza kutumia baruti ya kordaiti, iliyobuniwa mwaka 1889, waligundua kwamba risasi iliyojaribiwa katika baridi ya kwao hupandisha msukumo ikichomwa na jua la India au Afrika, na ganda hukwama chemba. Kampuni ya Rigby ililipatia ganda la .416 nafasi kubwa ili msukumo ubaki chini. Miaka 45 baadaye Winchester walifanya kinyume, wakashindilia baruti ndani ya ganda fupi la .458 ili litoshe bunduki za kawaida. Baadhi ya risasi hizo, zikikaa muda, baruti yake iliganda ikawa bonge. Moto haukushika sawasawa, na kichwa kilitoka kikiwa mchovu. Wawindaji walijikuta mbele ya tembo na nyati wakiwa na risasi iliyopoteza nguvu. Jack Lott, Mmarekani aliyeumizwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959, hatimaye alirefusha ganda lile, nayo .458 Lott inatumika mpaka sasa. Risasi za leo zimerekebishwa, lakini fizikia haijabadilika. Pakiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya Land Cruiser mchana wa Oktoba huko Selous hupata joto ambalo mtengenezaji hakulikusudia. Risasi zikae kivulini, kwenye mkoba wa ngozi au ndani ya kisanduku.

Kabla ya safari, chukua kila risasi mkononi. Pitisha ukucha pale mdomo wa ganda unapokutana na kichwa: unatakiwa ukute umebanwa ndani ya mfereji mdogo uliochongwa kukizunguka. Bunduki kubwa ikipiga, risasi zilizobaki kwenye magazini hugonga ukuta wa mbele, na kichwa kisichobanwa huzama ndani ya ganda, msukumo ukabadilika. Weka alama ya kalamu kwenye moja, upige mbili tatu zilizo juu yake, kisha uitoe uangalie kama kichwa kimesogea. Halafu pitisha aina zote mbili kwenye magazini na chemba, kwa mwendo wa haraka, ukiwa uwanja wa shabaha na mtutu umeelekea kwenye kingo. Kile kigumu chenye pua bapa nilichokisifu ndicho huwa na tabia ya kukwama mlangoni mwa chemba. Afadhali ukijue kisa hicho nyumbani.

Hoja ya shaba tupu ina upande mwingine unaonigusa. Matumbo ya mnyama huachwa porini, na tai ndio wa kwanza kuyafikia. Vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyosambaa kwenye nyama huwaingia na kuwapa sumu, na watu wanaogawiwa nyama ya nyati vijijini hula kutoka mzoga ule ule. Jimbo la California lilipiga marufuku madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019, likimlinda ndege wao mkubwa, kondori. Hatuhitaji kungoja sheria kama hiyo ili kuchagua pakiti tofauti.

Sababu ya kushikilia haya yote ni watu wanaotangulia. Nyati aliyejeruhiwa hufuatwa baada ya kusubiri nusu saa au zaidi, na anayekuwa mbele ni mfuata nyayo, macho chini kwenye tone la damu na jani lililovunjika, mara nyingi mkononi ana fimbo tu. Nyuma yake ni mwindaji bingwa, mgeni, na askari wa wanyamapori. Nyati huweza kuzunguka na kuilinda njia yake mwenyewe akiwa kichakani. Risasi duni aliyoichagua mtu ng'ambo ya bahari hulipwa kwanza na kijana wa Liwale au Rufiji mwenye watoto nyumbani.

Mkoba nao upangwe kwa kazi hiyo ya kufuata nyayo. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kilo 5 za risasi, zikiwa kwenye pakiti zake, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, mbali na bunduki. Risasi 60 za .375 zinatosha kupima shabaha na kuwinda, na bado uko chini ya kilo hizo. Namba ya bunduki kwenye kibali isomwe pamoja na iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Ndege ndogo za kwenda kambini hupenda mifuko laini, mara nyingi kilo 15, kwa hiyo sanduku la magurudumu libaki Dar es Salaam au Arusha. Nguo seti tatu zinatosha, kambi hufua kila siku.

Rangi ya nguo ina maana ya kweli. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao ya vitambaa hifadhini ina rangi hizo. Vaa kahawia au kijani kibichi kilichopauka, suruali ndefu, mikono mirefu. Mabaka ya kijeshi yaache kabisa, kwani hapa ni vazi la jeshi na litakuingiza matatani. Viatu viwe laini chini, visivyolia kwenye majani makavu ya miombo, na viwe vimeshatembea kwa wiki nyingi. Maji yasipungue lita 2 kwa mtu.

Kitu kimoja nisichokubali kibaki garini ni mkanda wa kukaza juu ya jeraha ili kuzuia damu. Ukae kiunoni au kwenye mfuko wa paja, na kila aliye kwenye mstari ajue ulipo na namna ya kuutumia. Pembe ya nyati hupasua paja, mshipa mkubwa uko hapo, na ndege ya madaktari haifiki kwa dakika tano.

Mchana wa kwanza kambini kuna karatasi ya shabaha juu ya mti au kichuguu. Futa mafuta ndani ya mtutu kwanza, maana risasi inayopita kwenye mafuta huenda kwingine, kisha piga moja ya kuuzoesha mtutu na tatu za kuhesabu, kwa vichwa vile vile utakavyowindia. Mizigo hurushwa viwanjani na darubini husogea. Zile tatu zisipokaa pamoja mahali zinapotakiwa kwa mita 50, legeza, kaza, piga tena, na safari ya alfajiri isubiri mpaka zikae.