Bakora ya Akiki Iliyofika Noonkopir

Mwanamume wa pwani wa zamani alikuwa hatoki nyumbani mikono mitupu. Kanzu, kofia, na bakora mkononi. Si kwa ubovu wa miguu, bali ndivyo mtu mzima alivyotoka. Mimi nililelewa Mombasa katika nyumba ya namna hiyo. Kazi iliponileta bara, hapa Noonkopir kwenye njia ya Namanga, nikajikuta nimezungukwa na watu wenye ada ile ile: mzee wa Kimaasai asiye na fimbo ni kama hajavaa. Ndipo nilipoanza kukusanya.

Nyingi ninazo ni za mtobwe na mpingo, na mbili za henzirani. Lakini maradhi yangu hasa ni bakora za kale zenye kichwa cha kito kilichochongwa. Ulaya zilishamiri katika karne ya 18 na ya 19, na karakana ya Fabergé huko Urusi ilizichonga kwa ajili ya wakubwa mpaka mapinduzi ya 1917 yalipoifunga. Kwetu jiwe lililozoeleka ni akiki, lililoletwa na majahazi kutoka Khambhat, Bara Hindi, ambako huokwa motoni lipate wekundu wake. Katika pete tunaliona kila siku. Katika bakora ni nadra. Za pembe ya ndovu sizigusi. Sheria ya Kenya haina mzaha, nami sina haja ya mali ya kuficha.

Kuijua ya kale kunataka subira. Akiki ya kweli ukiigusisha shavuni ni baridi, na ncha ya kisu haiikwaruzi. Kigae huwa na viputo ndani ukikitazama juani. Kisha pindua bakora uangalie chini: kikofia cha chuma cha bakora iliyotembelewa miaka mingi huwa kimelika upande mmoja, kwa kuwa mtu huikita kwa mshazari. Cha bakora ya uongo kimesuguliwa kwa msasa, nacho huwa sawasawa pande zote.

Basi mwaka jana alinijia mchuuzi wa vitu vya kale, na bakora mbili katika gunia. Ya kwanza aliitoa kwa taadhima, kichwa chake jiwe la kijani lenye mabaka mekundu, lililochongwa umbo la simba. Akaniambia ilikuwa ya Seyyid Barghash wa Unguja. Nikacheka, Mungu anisamehe. Jiwe lile latoka Longido, ng'ambo ya mpaka tu baada ya Namanga. Wekundu ni yakuti ghafi, na jina lake la kibiashara, anyolite, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Biashara yake haikuanza mpaka katikati ya karne ya 20. Seyyid Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Angelipata wapi?

Yule bwana hakuona haya. Akaniambia, "Basi chukua hii nyingine, nipe ya nauli tu." Ilikuwa chafu, nyeusi kwa masizi, kichwa kama yai la njiwa lililokatwa pembe nane. Nikaigusisha shavuni: baridi. Nikalipa bila kubishana, na usiku ule sikulala kwa furaha.

Furaha ilidumu mpaka nilipoisafisha. Chini ya kichwa pana pete ya fedha, na juu yake yalijitokeza maandishi ya Kiarabu: wakfu, kisha neno msikiti, kisha jina lililolika lisisomeke, na mwaka 1311, yaani 1893 au 1894 kwa miladi. Ilikuwa bakora ya khatibu. Ndiyo iliyoegemewa juu ya mimbari Ijumaa baada ya Ijumaa, nami nimeinunua kwa nauli ya mchuuzi.

Msomaji hahitaji kuelezwa. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala hautolewi zawadi. Nilijaribu kujidanganya siku tatu: kwamba msikiti wenyewe huenda umeshabomoka, kwamba kwangu itatunzwa vizuri zaidi. Jirani yangu mzee wa Kimaasai ndiye aliyenikata maneno. Kwao kiongozi wa rika, olaiguenani, hukabidhiwa rungu jeusi. Nilipomweleza habari yangu aliuliza, "Sasa wewe ni kiongozi wa nani?"

Nikaenda kwa sheikh. Akasema kwanza nimtafute mwenyewe. Asipopatikana, kitu kitumike katika jambo lililo karibu na lile kilichowekewa. Fedha zangu ni shauri langu na mchuuzi, naye hajaonekana tena. Nikayanakili maandishi kwa karatasi na penseli, nikapeleka nakala Mombasa, Malindi, Lamu na Pate. Majibu matatu yamekuja, yote ya dua njema na hakuna ajuaye. Pate bado.

Kwa sasa bakora iko msikitini hapa Noonkopir kama amana. Khatibu, kijana wa Kisomali, huishika siku ya Ijumaa, nami hukaa safu ya pili. Nakiri kwamba siku za mwanzo nilikuwa nikitazama mkono wake kuliko kusikiliza hotuba. Nyumbani, katika kishikio nilichochongesha kwa seremala, tundu lake liko wazi.

Iwapo kwenu kuna mzee anayekumbuka bakora ya akiki iliyotoweka msikitini, na amwandikie mhariri wa ukurasa huu, ataje na urefu wake kwa shibiri. Katika mti wake, chini kidogo ya pete, pana alama moja ambayo sikuitaja hapa kwa makusudi. Atakayeitaja, nauli ya kuifikisha kwake ni juu yangu.