Jinsi mashirika ya kujitolea yalivyobadili mbinu wakati wa corona

KISA cha kwanza cha virusi vya corona kilipotangazwa nchini Machi 13, 2020, mashirika ya kujitolea yalijipata njia panda. Kazi yao hutegemea kukutana ana kwa ana, ilhali serikali ilipiga marufuku mikusanyiko.

Mtaani Kibera, Shofco, shirika lililoanzishwa na Bw Kennedy Odede mnamo 2004, liliweka vituo vya kunawa mikono. Ilikuwa busara, kwani kumhimiza mkazi anayenunua maji kwa mtungi anawe kila mara, bila kumpa maji hayo, ni kejeli.

Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lilitoa ushauri nasaha kwa simu. Aliyelemewa na hofu alipiga 1199 bila malipo.

Mtihani mkubwa uliwakabili wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini na mitaani. Waliozoea kuketi sebuleni sasa walitakiwa kusimama nje, barakoa usoni. Lakini mama mjamzito ataelezaje siri yake uani, majirani wakisikia?

Isitoshe, wengi wao hawakuwa na posho ya uhakika. Mpango wa kuwalipa Sh5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangia nusu kwa nusu, ulizinduliwa Septemba 2023.