"Kutetemeka" na "Kuyumba" katika Istilahi za Magari

Katika tafsiri za vitabu vya ufundi wa magari makuukuu, tumeona maneno haya yakichanganywa. Usukani hutetemeka, hasa mwendo ufikapo kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Mara nyingi chanzo ni magurudumu ambayo uzito wake haukusawazishwa. Ukitetemeka wakati wa kufunga breki tu, zichunguzwe diski. Gari huyumba liendapo upande upande ingawa dereva ameushika usukani sawasawa. Hapo hutazamwa tairodi zilizolegea, bushi na alaimenti. Mfasiri akiandika "kutetemeka" badala ya "kuyumba", fundi atabalansi magurudumu, na tairodi mbovu itarudi barabarani. Neno "balansi" tunalipendelea kuliko "usawazishaji", ambalo gereji huweza kulidhania kuwa ni alaimenti.